CHUMBA CHA UANI: TUSIFICHE MAJI KWA RANGI



Ndugu wasomaji, wazazi na vijana wetu wanafunzi. Leo tuzungumze jambo ambalo kwa mbali laonekana dogo, lakini linagusa kifua cha mtoto na mfuko wa baba. Nalo ni ukuta wa ndani wa kile chumba cha uani.

Kuanzia Likoni hadi Malindi, na hata bara, ni familia nyingi zilizojenga chumba cha mabloki nyuma ya nyumba. Kijana amebaleghe na hawezi tena kulala na dada zake. Bibi ameletwa kutoka shamba ili auguzwe. Watoto wa mtaa wanasomeshwa jioni na hakuna nafasi sebuleni. Au chumba kitapangishwa kwa mwanafunzi wa chuo ili kisaidie karo ya wadogo. Pesa huja kidogo kidogo: leo mabloki, mwezi ujao mabati, baadaye mlango. Mwisho fundi anauliza: "Mama, huku ndani tutie nini?"

Hapo ndipo makosa mengi huanza. Jirani anasema rangi ya mafuta, kwa kuwa inang'aa na inapanguswa. Shemeji ameona picha kwenye simu na anataka mapanele ya plastiki. Mwingine anasema bodi za jasi, mwingine vigae mpaka kiunoni. Kila mmoja anazungumzia sura ya ukuta, na hakuna anayeuliza ukuta wenyewe una hali gani.

Rai yangu ni hii: kwa chumba cha uani cha mabloki, kwanza ondoa njia za maji, kisha piga plasta ya simiti iliyochanganywa na chokaa, halafu paka chokaa au rangi ya maji isiyong'aa. Basi. Pesa zitakazobaki zitie kwenye paa, madirisha na kibaraza cha nje. Anayelala humo anahitaji ukuta mkavu kabla ya kuhitaji ukuta mzuri.

BLOKI INAKUNYWA MAJI

Bloki ya simiti ina vinyweleo vidogo sana. Ukiiweka kwenye sinia la maji, baada ya muda utaona maji yamepanda juu ya usawa wa sinia. Ndivyo ukuta ufanyavyo msingi wake unapokaa kwenye udongo wenye maji. Nyumba kubwa kwa kawaida hutiwa utando wa nailoni nzito au wa lami juu ya msingi, kabla ya bloki la kwanza, ili kuyakata maji hayo. Chumba cha uani mara nyingi hakitiwi. Watu husema, "Ah, hiki ni cha nyuma tu." Kwa hiyo maji hupanda, na alama yake huonekana futi mbili tatu kutoka sakafuni, kama mstari wa bahari kwenye ngalawa.

Njia ya pili ni mvua ya upepo. Masika yanapokuja na kusi, mvua haishuki wima bali hupiga ukuta ubavuni. Ukuta wa bloki la inchi sita usio na plasta upande wa nje hupitisha maji hayo hadi ndani, hasa kwenye viungo vilivyojazwa ovyo.

Njia ya tatu ni chumvi. Mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani hata siku ambayo haikunyesha. Maji yanapokauka ukutani, chumvi hubaki na kuganda kuwa ule unga mweupe. Ikiganda nyuma ya rangi, huisukuma rangi mpaka ikabambuka vipande vipande. Watu hulaumu rangi, kumbe rangi haikuwa na kosa. Kosa lilikuja na lori la mchanga.

Njia ya nne ni sisi wenyewe. Tunapumua, tunatoa jasho, tunaanika nguo ndani mvua ikinyesha, na pengine tunapika chai humo humo. Mvuke huo usipopata pa kutokea hutua ukutani.

Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio hili ambalo halina gharama. Chukua kipande cha nailoni safi, kama futi moja kwa futi moja, ukibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne pasipite hewa. Kiache siku moja au mbili. Ukiona matone nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukiona matone mbele, upande wa chumba, maji ni ya hewa ya humo chumbani na dawa yake ni dirisha. Yakiwa pande zote mbili, basi una kazi mbili.

KINACHONG'AA KINAFICHA

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tuviangalie hivi vitu vinavyosifiwa, kimoja kimoja.

1. Rangi ya mafuta. Hii ni ngozi isiyopumua. Maji yaliyomo ukutani hayakauki kwa kuzibiwa. Hutafuta njia nyingine, hupanda juu zaidi, au huitutumua rangi ikawa kama lengelenge. Isitoshe, plasta mpya ina ukali wa simiti na chokaa. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya plasta mbichi, ukali huo huyageuza mafuta kuwa kitu kama sabuni, na rangi hubaki ikinata au kulainika. Ndiyo maana rangi iliyopakwa wiki moja baada ya plasta, kwa haraka ya Idd au harusi, haifiki Idd ya pili.

2. Bodi za jasi. Ni nzuri katika jengo kavu lenye ukuta mkavu. Katika chumba cha uani chenye unyevu, jasi hulainika, karatasi yake huota kuvu, na zile mbao zilizoishikilia huwa chakula cha mchwa. Nyuma yake pana nafasi ambayo panya na mende huishukuru sana.

3. Mapanele ya plastiki. Siku ya kwanza chumba huonekana kama hoteli. Lakini ukuta ulio nyuma haujapona, umefungiwa tu. Kuvu huota gizani na harufu yake hutokea kwenye viungo. Na moto ukitokea, Mungu aepushe, plastiki hii hutoa moshi wa sumu ndani ya chumba ambacho aghalabu kina mlango mmoja.

4. Vigae mpaka kiunoni. Mahali pake ni bafuni na pembeni mwa sinki. Ukivitia kwenye ukuta unaopandisha maji kutoka chini, maji huendelea kupanda nyuma yake na kutokeza juu ya kigae cha mwisho, mahali ambapo mtoto ameegemeza kichwa akisoma.

Hatuchukii vitu hivi. Kila kimoja kina mahali pake. Tunachokataa ni kuvitumia kama pazia.

Na jambo hili si la sura peke yake. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya nyumba, likaeleza kwamba wanaoishi katika majengo yenye unyevu au kuvu wako katika hatari kubwa zaidi ya matatizo ya kupumua, maambukizo ya kifua na kuzidi kwa pumu. Sasa fikiria ni nani tunaowalaza katika chumba cha uani: mzee, mtoto anayesoma, dada wa kazi, mwanafunzi mgeni. Hao ndio aghalabu wasioweza kusema, "Chumba hiki kinanidhuru."

CHOKAA SI UMASKINI

Ukitaja chokaa, vijana hucheka. Wanasema ni ya kuta za zamani na miti ya barabarani. Lakini chokaa ndiyo iliyojenga pwani hii. Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mji wa kale wa Gedi uliotiwa mwaka 2024, ni miji ya mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Vile vidaka vya nakshi katika nyumba za Lamu, ambavyo wageni husafiri mbali kuja kuvitazama, ni kazi ya plasta ya chokaa. Wazee wetu walichoma matumbawe kwenye tanuu, wakapata chokaa kali, wakaizima kwa maji na kuiacha ikomae kabla ya kuitumia.

Kazi yake ni ya ajabu kidogo. Jiwe la chokaa likichomwa kwa joto la kama nyuzi 900 hutoa hewa ya kaboni. Likizimwa kwa maji na kupakwa ukutani, huivuta tena hewa ile taratibu kutoka chumbani na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo unachopaka ukutani ni jiwe jembamba lenye vinyweleo. Maji yaliyomo ndani ya ukuta hupata njia ya kutoka na kukauka. Pia chokaa mbichi ina ukali ambao kuvu haiupendi. Na pakichakaa, hakuna haja ya kubambua chumba kizima. Unapiga brashi pale pale.

Tahadhari moja hapa. Ukuta wa kale wa matumbawe na ukuta wa bloki si kitu kimoja. Nyumba ya kale itengenezwe kwa chokaa bila simiti, kwa sababu simiti ni ngumu kuliko mawe yale na huzuia maji yake. Bloki ni simiti tayari, hivyo mchanganyiko wa simiti na chokaa unaifaa.

KAZI YENYEWE

Kwanza nje. Udongo usiegemee ukuta. Uwe chini ya sakafu ya ndani kwa kama nusu futi. Zungusha kibaraza cha simiti chenye mteremko wa kutoka ukutani, ili maji ya paa yasirushe matope. Refusha upenu au weka gata. Piga plasta upande wa nje, hasa upande wa kusi. Bila haya, lolote utakalofanya ndani ni kufuta maji huku bomba liko wazi.

Pili, paa liwe juu na mabomba ya waya za umeme yawe yamekwisha kuchimbiwa kabla ya plasta. Kuchimba plasta mpya ni kulipa mara mbili.

Tatu, mchanganyiko. Kipimo kinachofaa ni karai moja ya simiti, karai moja ya chokaa na karai sita za mchanga safi uliochekechwa, usio wa baharini. Lowesha ukuta, urushie kwanza simiti na mchanga mzito ili plasta ipate pa kushika, kisha piga plasta ya unene wa kama sentimita moja na nusu. Changanya kiasi mtakachokimaliza kwa muda mfupi. Plasta iliyoanza kushika isiongezwe maji ikarudishwa ukutani, hata kama fundi atasema hakuna neno.

Nne, subira. Nyunyizia plasta maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kwani simiti haikauki tu, inakomaa, na jua la kaskazi likiikausha haraka hupasuka nyufa kama utando wa buibui. Kisha iache ikauke kama wiki nne kabla ya rangi ya maji. Chokaa haihitaji kungoja hivyo, kwa kuwa ukali wa plasta hauidhuru.

Tano, chokaa ya kupaka iwe nyepesi kama maziwa, ichujwe, ipakwe juu ya ukuta uliolowanishwa kidogo, mara tatu au zaidi, kila mara kwa siku yake. Kosa la wengi ni kuipaka nzito mara moja tu ili wamalize. Hiyo ndiyo inayobambuka na kuchafua kanzu.

Na watoto wawe mbali. Chokaa huunguza macho na ngozi. Fundi avae glavu na miwani. Ikimwingia mtu jichoni, aoshwe papo hapo kwa maji mengi safi, kisha apelekwe hospitali.

Hesabu yake? Chukua chumba cha futi 10 kwa 12, kuta zenye kimo cha futi 9. Mzunguko ni futi 44, mara 9 ni futi za mraba 396. Toa mlango mmoja wa 3 kwa 7 na madirisha mawili ya 3 kwa 4, zinabaki 351, yaani kama mita za mraba 33. Kwa unene tuliotaja hiyo ni karibu nusu mita ya ujazo ya plasta. Utahitaji kama mifuko mitatu ya simiti ya kilo 50 ukihesabu na ya kumwagika, chokaa ya ujazo sawa na simiti, na mchanga wilbaro nane hivi. Mpe fundi hesabu hii akueleze yake. Fundi mwema hatakasirika kuulizwa. Mkubaliane ujira kabla ya kazi, na amalizapo umlipe bila kumzungusha, kwani fundi anayezungushwa ndiye anayepunguza simiti kwenye kazi ya kesho.

WANAOPINGA WANA HOJA

Watasema chokaa inashika kwenye nguo. Ni kweli ikipakwa vibaya, na hata ikipakwa vyema hutoa unga kidogo. Kwa hiyo pale kitanda kinapogusa ukuta weka mkeka au ubao mwembamba wa kuegemea unaoweza kuondolewa, au paka rangi ya maji isiyong'aa baada ya ukuta kukauka sawasawa. Hiyo nayo hupitisha mvuke kuliko rangi ya mafuta.

Watasema watoto huchora ukutani na rangi ya mafuta inapanguswa. Nami nauliza: ni ipi rahisi, kupaka chokaa upya kona moja kila mwaka, au kubambua rangi chumba kizima baada ya miaka mitatu? Tena kubambua kuna hatari yake. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake likiingia mdomoni mwa mtoto hudhuru ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo rangi ya zamani isikwanguliwe kavu watoto wakiwa karibu. Ilowanishwe, vumbi likusanywe, sakafu ioshwe. Na ununuapo rangi mpya ya aina yoyote, tafuta iliyoandikwa kwamba haina risasi.

Watasema, kwa nini tusiache bloki tupu? Kama ni stoo au banda la mbuzi, sawa, jaza viungo vizuri na paka chokaa juu yake. Lakini kwa chumba cha kulala, matundu ya bloki ni nyumba ya mbu na kunguni, na vumbi lake halina mwisho.

KWA WENYE KUPANGISHA NA WENYE KUPANGA

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa la amana. Yuko mwenye nyumba anayejua ukuta wake unalia maji, naye akaupaka rangi nzito wiki moja kabla ya muhula wa chuo kufunguliwa. Mwanafunzi anaingia, analipa kodi ya miezi mitatu na amana juu yake. Masika yakianza, godoro linaota kuvu na vitabu vinajikunja. Ndugu yangu, kuficha aibu ya kitu unachouza au kupangisha ni udanganyifu, na rangi haiubadilishi jina. Mwambie mpangaji ukweli na upunguze kodi, au utengeneze ukuta kwanza.

Nanyi vijana mnaotafuta vyumba, msiangalie rangi. Inameni. Tazameni futi tatu za chini. Pitisheni kiganja nyuma ya kabati na pembeni. Nuseni chumba kikiwa kimefungwa kabla ya madirisha kufunguliwa. Tokeni nje mkaone udongo umefika wapi ukutani. Rangi mbichi ya sehemu ya chini peke yake, hali juu ni ya zamani, ni jambo la kuulizia. Ikiwezekana, kiangalieni chumba siku ya mvua.

Na sisi wazazi tujiulize swali moja. Sebule tunaipaka rangi kila mwaka kwa ajili ya wageni wa saa mbili. Chumba cha uani, ambamo mtu wetu analala saa nane kila usiku, tunakipa mabaki ya ndoo. Tukigeuza mpango huo mwaka huu, tukaanza na ukuta wa nyuma kabla ya ukuta wa mbele, hatutapungukiwa na heshima yoyote. Na pengine kile kikohozi cha usiku ambacho tumekizoea kitapungua, inshaAllah.